Uzi, Sindano na Gunia la Udongo: Kazi za Mkono Zisizouzwa
(Mhadhara kwa walimu wastaafu na jamaa zao, Tanga)

Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie kufuma, kushona na bustani za nyumbani, na naona wengi mmekuja na kalamu. Mnangoja niwatajie sweta moja linauzwa shilingi ngapi, na tuta la mchicha linaingiza ngapi kwa mwezi. Mtaniwia radhi, hesabu hizo leo sikuja nazo. Siku hizi ukionekana barazani na sindano, mpita njia wa kwanza atakuuliza, "Mradi huo?" Ukipanda waridi mlangoni: "Mche unauzaje?" Tumefika mahali mtu hana ruhusa ya kufuma kitambaa, akakitandika kwenye kochi lake, akakitazama. Mimi nimekuja kumtetea huyo anayetaka kukitazama tu. (Kicheko.)

Sisemi kuuza ni vibaya. Waliosomeshwa kwa cherehani ya mama humu ukumbini si haba. Lakini kazi ikishakuwa na mteja, rangi anachagua mteja, na siku ya kuchukua anapanga yeye. Muulizeni fundi yeyote hali yake wiki ile ya kuamkia Idi. Kazi ya kujifurahisha haina mtu anayekusimamia mlangoni. Ukichoka unaweka chini. Usipoipenda unafumua.

Na tuanzie hapo hapo kwenye kufumua, maana ndiko uzi mzuri unakopatikana. Wapo hapa waliojifunza kufuma kwa spoku za baiskeli zilizonolewa ncha sakafuni, na uzi wao ulitoka kwenye sweta kuukuu. Njia hiyo haijafa. Mitumbani kuna masweta ya sufu ambayo uzi wake ukiutafuta dukani, mpya, utalia. Ila kabla hujatoa pesa, ligeuze ndani nje, utazame mshono wa ubavuni. Ukiona kingo zimekatwa na kupigwa ovaloku, ule mshono wa mashine unaozungushia ncha, mrudishie mwenyewe. Ukilifumua utapata vipande vifupi vifupi, kwa kuwa kila safu ilishapitiwa na mkasi. Tafuta lile ambalo kila kipande kilifumwa kikaishia chenyewe ukingoni, ndipo vikaunganishwa kwa uzi. Hilo litafumuka kwa mfululizo hadi mwisho. Uzi utatoka na mikunjo. Uzungushe mgongoni mwa kiti uwe mafungu, funga kila fungu kwa kamba mahali kadhaa usije ukatatizika, loweka, kisha tundika kivulini na kitu kizito kidogo kwa chini. Ukikauka umenyooka.

Wanaoanza hukatishwa tamaa na kitanzi kinachoponyoka sindanoni. Kikiponyoka hushuka safu kwa safu, na nyuma yake huacha nyuzi zimelala kama ngazi. Usivute, wala usifumue kazi yote. Chukua sindano ya kulabu, ingia kwenye kile kitanzi cha chini, ukamate uzi wa kwanza uliolala, uupitishe katikati yake. Umepata kitanzi kipya. Panda hivyo ngazi kwa ngazi hadi juu, ukirudishe sindanoni. Mtu akishaweza hili, hofu ya kufuma inamtoka. Kwa maoni yangu lingefundishwa siku ya kwanza, kabla hata ya kuanza sweta lenyewe.

Kwenye kushona, nataka niseme na wanaume. (Minong'ono.) Naam, nanyi mmo. Nani aliwaambia sindano ni ya wanawake? Nendeni Lamu mkawaone wanaume wamekaa barazani wanashona kofia, na hakuna anayewacheka. Kofia ya vito ukiishika mkononi utaona haina haraka ndani yake: kitambaa cheupe cha pamba, kifuniko cha duara juu na ukanda wa kuzunguka kichwa, na pande zote mbili zimejaa vitundu vidogo mno vilivyozungushiwa uzi kwa mkono, kimoja kimoja, mpaka vikatoa maua, nyota au vijistari. Vitundu hivyo ndivyo vinavyopitisha hewa kichwani, na jua letu mnalijua. Kofia moja ya kazi safi huweza kula mwezi na zaidi. Kofia za namna hii zimevuka bahari. Kule Oman wanaziita kumma, na kwao ni vazi la kila siku, tena mkono wa Unguja umo ndani yake. Sasa kama mzee wa Lamu anaweza kutoboa na kuzungushia uzi mamia ya vitundu, wewe utashindwa na kifungo cha shati lako?

Anayeanza simpi kofia. Nampa kanga. Doti inatoka dukani vipande viwili vimeshikana, na ncha hazijapindwa. Unakata katikati, unapinda. Wengi hupeleka kwa fundi, dakika mbili kwa cherehani, kwisha. Ipinde mwenyewe kwa mkono. Kunja ukingo mara mbili ili zile nyuzi za ncha zifichike ndani, piga bandi kwanza, mishono mirefu ya muda, ishike, kisha shona mishono midogo inayokamata uzi mmoja mmoja wa kitambaa upande wa juu. Ikivaliwa, mshono hauonekani. Ni kazi ya jioni moja na redio pembeni.

Bustani. Hapa sitakaa sana kwa wenye viwanja, wao wana jembe na wanajua pa kulipeleka. Naongea na anayeishi chumba na sebule, na ua ni wa wapangaji wote. Gunia linakutosha. Kibera, Nairobi, kilimo hiki kilienezwa sana baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007, watu walipokosa mboga, na sukuma wiki ikaota mlangoni. Siri iko katikati ya gunia. Unachukua kopo kubwa lililotolewa kitako, unalisimamisha ndani ya gunia, unalijaza kokoto, kisha unajaza udongo na samadi kulizunguka. Udongo ukifika usawa wa kopo, unalivuta juu kokoto zibaki, unalijaza tena. Mwisho una nguzo ya mawe kutoka chini hadi juu, na maji unamwaga hapo, yashuke yakisambaa kila upande. Bila nguzo hiyo, juu kutakuwa tope na chini kukavu. Miche inakaa juu, na ubavuni unatoboa matundu unapachika mingine. Mchicha utaula baada ya wiki tatu au nne. Sukuma wiki inataka kama miezi miwili, lakini ukichuma majani ya chini ukaacha ya juu, itakulisha miezi mingi.

Hata hivyo gunia moja liache kwa kisicholiwa. Panda mrehani, tawi lililokatwa ukilitia kwenye glasi ya maji linatoa mizizi lenyewe. Na mwenye kipembe cha ua apande asumini. Asumini huchumwa alasiri yakiwa bado matumba, kwa sababu huchanua giza linapoingia. Unachukua sindano nyembamba na uzi, unayatunga moja moja kwa kupitia kikonyo. Ukiyafunga na mrehani, na mkadi ukiupata, umetengeneza kikuba. Kinavaliwa usiku huo huo, asubuhi kimenyauka. Wapo wanaoviuza vikuba, nawaheshimu. Lakini anayemtungia mkewe... (Vigelegele.) Haya, haya, nimesikia.

Nina dakika chache. Nimeulizwa wakati nikiingia kama macho ya mzee yanaweza kutia uzi kwenye sindano. Kwenye meza ile nimeweka sindano za tundu kubwa na kile kitia-uzi cha waya mwembamba, kijaribuni. Sweta la mtumba lililopigwa ovaloku lipo, na lisilopigwa lipo, yageuzeni wenyewe muone tofauti. Gunia, kopo na kokoto viko nje chini ya mwembe, na miche ya sukuma wiki imeloweshwa. Mwenye swali la kufuma abaki nami hapa, wengine tangulieni nje, nitawafuata.