Sumaku ya Baridi Kali: Kazi Yangu Huku Uholanzi, na Kwa Nini Fundi Friji wa Tanga Anaiweza

Haya haya, wagosi mambo vipi, wazazi wangu shikamooni, walioko Ngamiani, Chumbageni, Makorora, Pongwe mpaka kule Muheza, karibuni tena. Leo hakuna supamaketi wala baiskeli, leo nawaingiza kazini maana mmeniuliza mpaka mmechoka, we huko Uholanzi unafanya nini hasa, na mama yangu mdogo ndo kabisa, kawaambia watu wa Deep Sea pale sokoni kwamba nauza barafu. Mama mdogo, siuzi barafu, ila hujakosea sana.

Sasa hili pipa refu nyuma yangu hapa, ndani mna sumaku. Ni koili ya waya wa niobiamu na titaniamu, na huo waya ukiupoza ukashuka chini ya kelvini 9 hivi, yaani nyuzi kama 264 chini ya sifuri kwa selsiasi, ukinzani wa umeme unaisha. Haupungui jamani, unaisha, sifuri kabisa. Ndo maana wanauita supakondakta. Unaingiza umeme, unaufunga mle ndani uzunguke, unachomoa nyaya zako unaenda nyumbani, na mwakani utaukuta bado unazunguka. Hii yetu inafika tesla 9, tesla ndo kipimo cha nguvu ya sumaku. Zile za MRI hospitalini, mashine za kupiga picha ndani ya mwili, nyingi ni 1.5 au 3, na uga wa sumaku wa dunia ule unaogeuza dira ya nahodha pale bandarini haufiki hata tesla 0.00005, kwa hiyo mtu akija huku na spana mfukoni simchekei, namtoa nje.

Kinachopoza ni heliamu ya kimiminika, inachemka kwenye kelvini 4.2, nyuzi 269 chini ya sifuri. Na haya mambo yalianzia nchi hiihii, pale Leiden, Heike Kamerlingh Onnes ndiye wa kwanza kuigeuza heliamu kimiminika mwaka 1908, halafu 1911 akapoza zebaki ukinzani ukapotea, 1913 wakampa Nobel. Pipa lenyewe ni chupa ya chai, na hapo sifananishi, ni chupa ya chai kweli, kuta mbili katikati hamna hewa, James Dewar alizitengeneza 1892 kwa ajili ya kutunzia gesi zilizopozwa, chai ikaja baadaye.

Kitu ninachotaka mkishike leo ni kimoja. Watu wakisikia sumaku ya namna hii wanadhani tatizo likitokea basi ni koili, ni fizikia nzito, aitwe profesa. Wapi! Koili mle ndani imetulia zake. Kinacholeta balaa ni vitu vya pembeni, maji ya kupozea, oringi ya mpira, valvu, bomba, umeme wa ukutani. Vitu ambavyo mjomba wangu fundi friji pale Barabara ya Nane anavijua kwa mkono.

Twende taratibu. Sumaku ikiwa ya moto, namaanisha joto la chumba tu, sisi hilo tunaliita moto, kwanza unavuta hewa kwenye ule uwazi wa kuta mbili, pampu inakaa masaa mengi na huwezi kuiharakisha. Halafu unamimina naitrojeni ya kimiminika, hiyo ni kelvini 77, bei yake ya kawaida, na joto jingi la chuma linaondoka na yeye. Unaacha itulie. Sasa hapa ndo pana mtego, kabla ya kuleta heliamu lazima naitrojeni yote itoke, unaisukuma kwa gesi ya heliamu ipande kwenye mrija uliofika chini kabisa, na usiamini macho, angalia kipimajoto cha chini, kikianza kupanda kidogo kupita 77 ndo ujue kimiminika kimeisha. Kwa sababu naitrojeni inaganda kwenye kelvini 63, ikibaki hata kikombe inageuka jiwe chini ya koili, na utamwaga heliamu mpaka ulie, yote inachemka kupoza lile jiwe badala ya kupoza sumaku.

Heliamu ni dhaifu ajabu. Wati 1 tu ya joto, mjue taa ya kawaida ya chumbani ni wati ngapi, wati moja inakuchemshia kama lita 1.4 kwa saa. Ila ile gesi yake baridi inayopanda ina uwezo mkubwa wa kupoza kuliko kule kuchemka kwenyewe, kwa hiyo mara ya kwanza bomba unalishusha hadi chini, unamimina polepole sana, gesi ipande ipite kwenye koili yote ndo itoke. Mwenye haraka anapoteza. Lakini ukija kuongezea, sumaku tayari baridi na kimiminika kimo, mambo yanageuka, bomba likiwa la moto ukilichomeka utapuliza gesi ya moto kwenye heliamu uliyonayo na kipimo cha kimiminika badala ya kupanda kinashuka. Unalipoza kwanza nje, unasubiri mpaka mdomoni utoke ulimi mweupe mzito, hapo ndo unaingiza. Nimeona watu wenye vyeti vya ukutani wanashindwa kusubiri hiyo dakika.

Kile kipimo nacho ni waya wa supakondakta umesimama wima. Sehemu iliyozama haina ukinzani, iliyo juu kwenye gesi inao, unapima ukinzani unajua kimiminika kimefika wapi. Safi eh? Ila ukikiacha kimewashwa muda wote kinapasha moto, kwa hiyo unasoma unazima.

Kuingiza umeme sasa. Kuna kipande kidogo cha waya wa supakondakta kimeunganisha ncha mbili za koili, kina kahita kake, hiyo ndo swichi. Ukiwasha hita kipande kinapata joto kinakuwa na ukinzani, swichi imefunguka, unapandisha ampea kidogokidogo kutoka kwenye mashine. Ukifika unakotaka unazima hita, unasubiri kipoe, swichi imefunga, unashusha umeme wa mashine na koili inabaki na wake. Siku ya kuja kubadilisha, lazima mashine uipandishe kwanza ifike ampea zilezile zilizomo ndani, ndo uwashe hita. Zikitofautiana sana ukawasha, kwenchi hiyo, balaa nitakaloeleza sasa hivi. Ndo maana tuna daftari, daftari la karatasi, kila mtu anaandika ameacha ampea ngapi, plasi ama mainasi, saa ngapi, na sahihi. Kompyuta huwa inazimika, daftari halizimiki.

Kwenchi ni pale kipande kidogo cha waya kinapopata joto, usupakondakta unapotea hapo, umeme unakuta ukinzani, joto linaongezeka, linasambaa, na ndani ya sekunde chache koili nzima imerudi kuwa waya wa kawaida na nishati yote imemwagika kwenye heliamu. Hebu tupige hesabu, chukua sumaku ya henri 20, henri ni kipimo cha koili inavyotunza nishati, yenye ampea 100, nusu ya 20 mara 100 mara 100, hiyo ni kilojuli 100. Inachemsha karibu lita 40 za heliamu, na kila lita ikifika joto la chumba inakuwa gesi lita 700 na kitu, kwa hiyo umepata kama mita za ujazo 28, chumba cha mita tatu kwa tatu urefu tatu kimejaa heliamu hakuna hewa. Ndo maana kuna bomba nene la kutolea nje, kuna diski ya kupasuka presha ikizidi, na ile boksi ukutani inapima oksijeni, inalia ikishuka chini ya asilimia 19.5. Ikilia unatoka. Hurudi kuchukua simu. Na mwenzako akianguka ndani usikimbilie kichwakichwa, maana hewa isiyo na oksijeni haikupi onyo, unazimika tu na nyie mko wawili sasa. Heliamu inapanda darini, naitrojeni inalala sakafuni, yote hayana harufu. Hata kwenye lifti pipa linapanda peke yake, binadamu anapita ngazi.

Kwenchi kubwa iliyotangazwa dunia nzima ni ya CERN, kile kituo cha utafiti wa fizikia kule Geneva, tarehe 19 Septemba 2008, LHC, mashine yao ya kugonganisha chembe, ndo kwanza imewashwa, na chanzo mjue si sumaku yenyewe, ni kiungo cha umeme kati ya sumaku na sumaku, kilikuwa na hitilafu, cheche ikatoboa, tani kama 6 za heliamu zikamwagika kwenye handaki na mashine ikakaa zaidi ya mwaka haifanyi kazi. Kiungo cha waya jamani! Mnaona ninachosema.

Haya, ugonjwa unaokuja mara nyingi ni heliamu kuisha haraka kuliko kawaida. Mimi kwanza naangalia kama kuna mtu kaacha hita ya swichi au kile kipimo kimewashwa. Halafu napapasa pipa kwa nje, likiwa linatoka jasho au lina ukungu wa barafu pembeni, vakyumu imelegea, kuna hewa imeingia kati ya kuta. Halafu nasikiliza. Kuna kitu kinaitwa mtikisiko wa Taconis, ni Mholanzi huyo, wa Leiden vilevile, mrija mwembamba ncha moja iko kwenye baridi kali na nyingine imezibwa juu kwenye joto, gesi ndani inaanza kutetemeka yenyewe na inabeba joto inalipeleka chini. Ukiweka kidole juu ya kizibo unausikia, vuuuu. Unabadilisha urefu wa mrija au unachomeka kitu ndani, kimya, na heliamu inarudi kawaida. Huo ndo ugonjwa ninaoupenda kuliko yote.

Nisioupenda ni barafu shingoni. Mtu kaacha valvu wazi, au baada ya kwenchi ndani kumepoa presha ikashuka chini ya ile ya nje, hewa ikavutwa, na kwa baridi hiyo naitrojeni na oksijeni zote zinaganda, shingo inaziba, huku chini heliamu inaendelea kuchemka haina pa kutokea. Hapo hamna kuchokoa na bisibisi. Watu wanatolewa chumbani, anaitwa mwenye uzoefu na gesi ya heliamu ya moto ayeyushe kwa utaratibu. Kinga yake ni valvu ya shilingi chache inayoruhusu gesi itoke isirudi, na kuikagua.

Sasa MRI, maana shangazi wa Mwanzange alienda kupimwa Dar akatishika na mlio, chwi-chwi, chwi-chwi, hata kabla hawajaanza. Shangazi, ile ni koldihedi, friji ya heliamu iliyokaa juu ya sumaku, inapoza mvuke urudi kimiminika, nayo hailali usiku na mchana. Yale makelele ya kugonga ukiwa ndani ni koili nyingine kabisa. Koldihedi inategemea kompresa, kompresa inategemea maji baridi ya chila, yaani mashine ya kupoza maji, chila inategemea umeme. Umeme ukikatika sumaku haizimiki, bado inavuta mtungi wa oksijeni na kitanda cha chuma, msidanganyike, ila upozaji umesimama na heliamu imeanza kuondoka. Sehemu moja nilipofanya kazi zamani kengele ilipiga Jumapili, presha inapanda, kompresa imejizima kwa joto, kila mtu ana nadharia yake, kumbe kichujio cha maji kimejaa tope. Kusafisha hakukuchukua hata nusu saa. Kama kompresa inajizima anza na maji, yanapita kiasi gani, ya nyuzi ngapi, ndo uende kwenye mambo mengine. Na mlio wa chwi-chwi ukigeuka kukwaruza, gesi yako imeingia uchafu, unaganda kule kwenye baridi.

Kutafuta uvujaji, mjomba anatumia povu la sabuni, na mimi kwenye bomba za kompresa natumia povu hilohilo. Kwenye vakyumu povu halifai, unageuza, unapuliza heliamu kidogokidogo kwa nje kwenye kila kiungo, na mashine inayovuta ndani inalia ikiipata. Unaanza juu unashuka, maana heliamu inapanda, ukianza chini itakudanganya.

Na heliamu hatutengenezi, inatokana na uraniamu na thoriamu kuoza kwenye miamba ya zamani, miaka mingi mno, ukiiachia inaenda zake angani mpaka nje ya dunia. Huku kwetu kila mvuke unakusanywa kwenye puto kubwa darini, unasindikwa, unageuzwa kimiminika tena. Na mjue iko kwetu, mwaka 2016 watafiti wa Oxford na Durham pamoja na kampuni ya Helium One walitangaza kuikuta bonde la Rukwa, na uchimbaji wa majaribio umeshafanyika. Sasa itatolewa Rukwa, iuzwe nje, irudi Dar kwenye pipa la mtu mwingine na fundi wake juu? Mimi hiyo inaniuma kidogo.

Kwa hiyo yule kijana wa VETA aliyeniuliza aanzie wapi, anza na hayohayo unayosoma ya friji na ukondishaji hewa, jifunze kompresa vizuri, jifunze pampu za vakyumu na kusoma geji zake, jifunze kusafisha oringi na kuipaka grisi kiasi, nyembamba tu usijaze kama unapika maandazi. Umeme wa DC ujue. Kiingereza cha kusoma vitabu vya maelekezo ya mashine. Fizikia utaikuta njiani. Video ijayo nitamfungulia kompresa bovu moja lililopo hapa stoo, nimeshaomba ruhusa. Haya naenda, naitrojeni imeshafika mlangoni na dereva hasubiri.