Kwenda Dukani Ujerumani

(Mhadhara kwa vijana wanaojiandaa kwenda kusoma na kufanya kazi Ujerumani, Dar es Salaam)

Wadogo zangu, habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie maisha ya Ujerumani, nami nimechagua duka. Habari za viza, bima na mikataba mtaambiwa na wengine. Dukani utaingia peke yako, na huko ndiko nilikoumia moyo mwaka wangu wa kwanza pale Leipzig, maana kila kitu nilikiona dharau.

Nilifika Jumamosi usiku. Asubuhi nikatoka kutafuta mchele. Duka la kwanza limefungwa, la pili limefungwa, mtaa mzima kimya. Nikashinda na biskuti nilizobakiza safarini mpaka Jumatatu. Kumbe Jumapili ni siku ya mapumziko inayolindwa na katiba yao, kwa kifungu walichokirithi kutoka katiba yao ya zamani, ile ya Weimar ya mwaka 1919. Yule keshia naye ana watoto, anataka siku ya kukaa nao. Nilipolijua hilo, kinyongo kilinitoka. Utapata mkate asubuhi, maana maduka mengi ya mikate hufungua kwa saa chache, na vituo vya mafuta na stesheni kubwa za reli huwa na vitu, lakini bei zake zinauma. Jumamosi, kabla hujakaa kupumzika, fungua kabati uangalie umebakiwa na nini.

Jambo la pili ni keshia. Anapitisha vitu kwa kasi hata mikono yako haiwahi kupanga, na hakuna wa kukufungia. Mimi siku ile nilidhani ananifukuza. Baadaye nikawaangalia wenyeji: wanarudisha kila kitu kwenye toroli harakaharaka, wanalipa, kisha wanakwenda pembeni kupanga kwenye mfuko waliotoka nao nyumbani. Ni kuwahurumia walioko nyuma kwenye foleni. Toroli lenyewe limefungwa mnyororo. Mara nyingi unalifungua kwa sarafu ya yuro moja, na ukilirudisha mahali pake sarafu inatoka. Kwa hiyo sarafu isikose mfukoni.

Bei iliyoandikwa ndiyo hiyo hiyo, na kodi imeshaingizwa humo. Hakuna “nipunguzie kidogo”, hakuna kuongezewa nyanya moja juu ya fungu. Hili lilinipa upweke, nawaambia kweli, kwa sababu kwetu kupatana bei ni kujuliana hali. Lakini tazameni kibandiko cha bei kwa makini. Chini ya ile bei kubwa kuna maandishi madogo yanayosema kilo moja au lita moja ni shilingi ngapi, au tuseme yuro ngapi. Hapo pakiti kubwa yenye picha nzuri haikudanganyi. Unalinganisha mchele na mchele. Muuzaji wa kwetu angetufanyia hivyo tungemwombea dua.

Tena jifunzeni maneno mawili ya Kijerumani kabla ya mengine yote. “Mindestens haltbar bis” ni tarehe ya ubora: mtindi ukiipita kwa siku mbili unaweza kuwa mzima kabisa, utazame, uunuse, uonje. “Zu verbrauchen bis” ni tarehe ya usalama, utaiona kwenye nyama ya kusaga na kuku mbichi. Hiyo ikipita, tupa. Vitu vinavyokaribia tarehe mara nyingi hubandikwa punguzo, na mwanafunzi hana sababu ya kuona haya kuvichukua.

Sasa chupa. Mnakumbuka soda ya chupa dukani kwa Mangi? Huondoki nayo mpaka ulete chupa tupu au uache pesa yake. Wajerumani wanafanya vivyo hivyo, wanaita Pfand. Kwa chupa na makopo ya kutumika mara moja ilianza mwaka 2003, na sasa mengi yana senti 25; chupa ya bia ya kurudishwa kwa kawaida senti 8. Unaitia mashine ya dukani, inakupa karatasi, keshia anakulipa. Chupa yenyewe usiikunje, mashine itaikataa. Mtaona pia chupa zimesimamishwa kando ya pipa la taka barabarani. Zimewekwa pale makusudi, ili mtu anayeishi kwa kuziokota asiingize mkono kwenye uchafu. Nanyi fanyeni hivyo.

Mwisho, msijifungie kwenye maduka makubwa tu. Leipzig kuna mtaa wa Eisenbahnstraße, na kila mji mkubwa una mtaa wa namna hiyo, wenye maduka ya Waturuki na Waarabu. Waturuki walianza kwenda kwa wingi baada ya mkataba wa ajira wa mwaka 1961, na biashara yao leo ndiyo inayotuokoa: bamia, giligilani kwa mafungu, nyama halali, na muuzaji mwenye muda wa kukuuliza unatoka wapi. Unga wao wa mahindi ni wa njano, ule ambao wazee wetu waliuita wa yanga. Ugali wake unalika. Ukitaka sembe nyeupe, ulizia duka la Waafrika.

Humo, fungua friza. Usitafute jina kisamvu, hutaliona. Tafuta pakiti iliyoandikwa saka-saka, au pondu, kama wasemavyo ndugu zetu wa Kongo. Ndicho hicho hicho, kimeshatwangwa. Tui la nazi lipo rafu ya pili.