Ufukwe usio na mnazi

KAKA: Karibuni tena kipindini. Leo dada kaahidi kutupeleka ufukweni, na mimi nimevaa kabisa kofia yangu ya ukili. Haya, wapi? Paje? Kendwa?

DADA: Kazakhstan.

KAKA: Si nchi isiyo na bahari ile?

DADA: Ina Bahari ya Kaspi tu, ambayo nayo ni ziwa lenye jina kubwa. Mimi nasema Ziwa Balkhash. Nilipokuwa nasoma kulekule, mjini Almaty, tulichangishana watu wanne, tukakodi gari na dereva. Hadi mji wa Balkhash ni zaidi ya kilomita 600, na njia karibu yote ni nyika.

KAKA: Nyika naijua, nimepita Dodoma.

DADA: Dodoma kuna mibuyu, kaka! Kule jicho halina pa kushika. Ardhi imelala, nyasi kavu, mara moja moja farasi wamesimama kama waliosahauliwa. Halafu mbele ukaonekana mstari wa buluu. Wallahi nilidhani mazigazi.

KAKA: Mkafikia hoteli?

DADA: Mjini zipo, ila pale pana mitambo ya kuyeyushia shaba, moshi unaonekana toka mbali. Sisi tulitaka ufukwe wetu peke yetu. Tukaiacha lami, tukafuata alama za matairi hadi majini. Hapana mti. Kuna saksauli, kichaka cha vijiti vitupu, kivuli chake hata kuku hakimtoshi. Na ni Julai, jua linachoma kweli.

KAKA: Basi ukajitupa majini.

DADA: Nijitupe wapi? Nilitembea mpaka nikachoka, maji bado yako magotini! Ziwa lina urefu wa kilomita 600 hivi, lakini kina chake kwa wastani hakifiki mita 6.

KAKA: Victoria letu ni kama mita 40. Sisi wa Mwanza tungeita hilo dimbwi.

DADA: Dimbwi ambalo majira ya baridi linaganda lote! Sasa sikiliza hili: upande wa magharibi maji ni matamu, mashariki yana chumvi. Ziwa moja.

KAKA: Hebu rudia.

DADA: Katikati pamebanwa, panaitwa Uzynaral. Mto Ili, unaotokea China, unaingia magharibi na ndio unaoleta sehemu kubwa ya maji. Mashariki inaingia mito midogo zaidi. Na ziwa halina pa kutokea, si kama Victoria linavyotoka Jinja likawa Nile. Maji yanaondoka kwa jua tu, chumvi inabaki.

KAKA: Kwa hiyo mwenye mto ndiye mwenye ziwa.

DADA: Hapo ndipo penye kidonda. Mwaka 1970 walianza kujaza bwawa la Kapchagay kwenye huo Ili, ziwa likashuka. Na huko juu China nako kuna mashamba yanayomwagiliwa. Na Kazakhstan hiyohiyo imeiona Aral, ziwa lingine kubwa, ikikauka, kwa hiyo ukiwatajia habari ya maji wanakunja uso.

KAKA: Usiku je?

DADA: Usiku upepo uling'oa hema na sisi tumo ndani. Dereva alikuwa ametuonya tuegeshe gari kando ya hema, tukajifanya wajuaji. Tukamalizia usiku garini, miguu juu ya mabega ya mtu. Lakini kaka, zile nyota! Taa hakuna hata moja.

KAKA: Wanyama wakali?

DADA: Zamani chui milia walikuwepo, kwenye matete ya delta ya Ili. Wakatoweka. Mwaka 2024 wameletwa wawili kutoka Uholanzi, wakawekwa kwenye uzio.

KAKA: Hapo ndipo safari yangu ilipofia.

DADA: Huendi hata kwa samaki? Njiani wanawauza wamening'inizwa, wakavu na wa moshi. Yule mkavu ni kayabo mtupu, samaki wetu wa chumvi, nilikula nikakumbuka soko la Kirumba kule Mwanza.

KAKA: Haya, umenipata. Nibebe nini?

DADA: Maji ya kunywa mengi kuliko unavyodhani, turubai la kivuli, na kamba za maana.

KAKA: Na kofia yangu?

DADA: Hiyo iache Mwanza. Kule itafika China kabla hujashuka garini.