Wingu Lisilo na Uzito

Ndugu zangu, ule mstari mweupe unaoachwa na ndege ikiwa juu sana, wengi wetu huuita moshi. Ni barafu.

Injini ikichoma kilo 1 ya mafuta ya ndege, hutoa kilo 3.16 hivi za kaboni dioksidi. Uzito umezidi kwa sababu kaboni imejitwalia oksijeni ya hewani. Hutoka pia zaidi ya kilo 1 ya mvuke wa maji, na masizi kidogo. Huko juu, kwenye kilomita 10 na baridi ya nyuzi 50 chini ya sifuri, mvuke huganda juu ya zile punje za masizi. Hewa ikiwa kavu, mchirizi hutoweka upesi. Ikiwa imeshiba unyevu, hutanuka ukawa wingu jembamba la kukaa masaa.

Mchana wingu hilo hurudisha sehemu ya mwanga wa jua, na papo hapo huzuia joto la ardhini lisipande. Usiku hakuna jua la kurudisha. Hubaki kufunika tu, kama blanketi.

Mwaka 2021 David Lee wa Chuo Kikuu cha Manchester Metropolitan na wenzake walichapisha hesabu zao: usafiri wa anga unabeba kama asilimia 3.5 ya msukumo wa joto, yaani nguvu inayoipasha dunia, unaoletwa na binadamu, na takriban theluthi mbili yake haitokani na kaboni dioksidi. Makadirio ya athari ya mawingu haya yana mwanya mpana wa kukosea, nao wenyewe wamekiri. Hata hivyo, mjadala wetu bado umeng'ang'ania tani za kaboni. Naona ni kwa sababu tani zina mizani, wingu halina.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo lililonivuta mimi kwenye kazi hii. Utafiti wa mwaka 2020 juu ya anga la Japani ulikuta asilimia 2.2 tu ya safari ndizo zilizoleta asilimia 80 ya athari ya joto ya michirizi. Ndege hizo chache zingepanda au kushuka mita mia kadhaa, zikakwepa tabaka lile lenye unyevu, sehemu kubwa ya athari ingeepukika. Mafuta yangeongezeka kidogo, ndiyo.

Tukishuka ardhini, mizani inatuangusha tena. Mwaka 2014 watafiti walipima hewa upande unakoelekea upepo kutoka uwanja wa ndege wa Los Angeles. Hata kilomita 16 mbali, idadi ya chembe ndogo kabisa ilikuwa maradufu ya kawaida. Chembe hizi hazifiki nanomita 100. Unywele mmoja ni mpana kuzishinda mara mia kadhaa. Viwango vingi vya hewa safi hupima vumbi kwa uzito, nazo hazina uzito wa kutajika, ingawa hufika ndani kabisa ya mapafu. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya 2021 haikuziwekea kikomo; ilishauri zihesabiwe, moja moja.

Naona mkono kule nyuma. Karibu.