Antivirusi Yako Inatuma Nini Nje?

Hamjambo nyote, na asanteni kwa kuja baada ya kazi. Naona wenye saiba, wahasibu wa kampuni ndogo, walimu na mafundi wa kompyuta wa hapa mjini, kwa hiyo sitazunguka sana.

Ni programu chache sana kwenye kompyuta yako zenye mamlaka kama ya antivirusi. Inasoma kila faili inayofunguliwa, inaona kila programu inayoanza, na mara nyingi inaona ukurasa wa mtandao kabla haujafika machoni pako. Haina budi, ikizibwa macho haiwezi kukukinga. Sitamwambia mtu yeyote humu aiondoe. Ninachotaka tuulizane ni hiki: katika hayo yote inayoyaona, ni yapi yanayotoka nje ya mashine, yanatoka yakiwa na alama gani ya kukutambulisha, na mwisho yanamfikia nani?

Yanayotoka ni ya aina kadhaa. Kuna taarifa za mashine: toleo la Windows, orodha ya programu zilizowekwa, anwani ya IP, na nambari ya kipekee ambayo kampuni imekipa kifaa chako. Kuna taarifa za akaunti, yaani jina, barua pepe na malipo. Kuna alama za faili, ambazo nitazieleza. Halafu kuna mambo mawili mazito yanayostahili muda wetu: anwani za kurasa unazotembelea, na faili zenyewe nzima nzima.

Tuanze na anwani. Anwani ya ukurasa si jina la tovuti tu. Ukitafuta kitu kwenye Google, maneno uliyoandika yanakaa ndani ya anwani. Ukifungua video, anwani inasema ni video ipi. Ukibofya kiungo cha kubadilisha nywila ulichotumiwa kwa barua pepe, ufunguo wa kubadilisha nywila huwa ndani ya anwani hiyohiyo. Anayekusanya anwani kamili anakusanya ugonjwa unaousoma, mkopo unaoutafuta, na pengine mtu unayemfuatilia.

Tumeshaona mwisho wake. Avast, kampuni ya Ucheki yenye antivirusi ya bure inayotumika duniani kote, ilikuwa na kampuni tanzu iitwayo Jumpshot. Oktoba 2019 mtafiti Wladimir Palant alieleza jinsi viendelezi vya Avast, yaani programu ndogo zinazoongezwa kwenye vivinjari, vilivyokuwa vikituma anwani kamili, kichwa cha ukurasa, ulikotokea, na hata kama uliwahi kufika hapo awali. Januari 2020 waandishi wa Motherboard na PCMag wakafichua kwamba Jumpshot ilikuwa ikiuza mienendo hiyo. Ilitangazwa kufungwa mwezi huohuo. Februari 2024 Tume ya Biashara ya Marekani ikatangaza kwamba Avast italipa dola milioni 16.5 na haitaruhusiwa tena kuuza data ya kuvinjari kwa ajili ya matangazo. Kwa mujibu wa tume hiyo, Jumpshot ilikuwa na zaidi ya petabaiti 8 za data tangu 2014 (petabaiti moja ni kama gigabaiti milioni moja), na waliouziwa walizidi 100.

Utetezi wa Avast ulikuwa kwamba majina yaliondolewa. Hapa nawaomba tusimame kidogo, kwa sababu maneno hayohayo mtayakuta kwenye sera nyingi za faragha. Waandishi walionyesha jinsi mstari mmoja wa data hiyo unavyoweza kuonekana: nambari ya kifaa, tarehe 1 Desemba 2019, saa 12:03:05, tovuti ya Amazon, bidhaa ni iPad Pro ya inchi 10.5, kitendo ni kutia kwenye kikapu. Jina halimo. Lakini Amazon wana rekodi yao wenyewe, na wanajua ni mteja gani aliyetia iPad hiyo kwenye kikapu sekunde ileile. Wakiziweka rekodi mbili pamoja, nambari ya kifaa inapata jina. Na nambari ile haibadiliki, kwa hiyo ikishapata jina mara moja, kila ukurasa mwingine uliobeba nambari hiyo, wa miaka ya nyuma na wa mbele, unakuwa na mwenyewe. Duka lolote la mtandaoni la hapa Nairobi lenye rekodi za wateja lingeweza kufanya vivyo hivyo. Sera ikisema data "imeondolewa utambulisho", angalieni kama nambari ya kifaa imebaki. Ikibaki, hakuna kilichoondolewa.

Je, kuna njia ya kuzuia kurasa hatari bila kukusanya anwani? Ipo, na inatumika kila siku. Mfumo wa Google wa kuvinjari salama, katika hali yake ya kawaida, hugeuza anwani kuwa alama, yaani msimbo mfupi wa baiti 32, kwa hesabu iitwayo SHA-256, kisha hutuma baiti 4 za mwanzo tu. Baiti hizo zinaweza kuwa za anwani nyingi mno, kwa hiyo seva hurudisha orodha ya alama mbaya zinazoanza hivyo, na kivinjari hulinganisha chenyewe ndani ya mashine yako. Hali iliyoimarishwa ni tofauti. Hiyo hutuma anwani. Nalieleza hili kwa sababu kampuni zinapenda kusema kwamba bila anwani kamili hazina namna ya kukulinda. Namna ipo, ni wao kuamua kuitumia.

Sasa fungueni laptopu zenu, tuangalie kitu. Nendeni kwenye ukurasa wa benki yenu. Bofyeni alama iliyo kushoto kwa anwani, mfungue taarifa za muunganisho, kisha cheti, yaani hati ya kidijitali inayothibitisha kwamba tovuti ni yenyewe. Tafuteni mstari unaosema cheti kimetolewa na nani. Ukiona mtoa vyeti kama DigiCert au mwenzake, muunganisho wako unafika benki bila kufunguliwa njiani. Ukiona jina la antivirusi yako, basi inaufungua usimbaji, yaani ule ufungaji wa siri unaozuia wengine wasisome, inasoma yaliyomo, kisha inaufunga upya kwa cheti chake. Hufanya hivyo ndani ya mashine yako, kwa nia ya kutafuta virusi, na baadhi huziruka tovuti za benki. Lakini kila kinachofunguliwa kinaweza kuguswa. Agosti 2019 jarida la Ujerumani liitwalo c't lilieleza kwamba programu za Kaspersky, kampuni ya antivirusi ya Urusi, zilikuwa zikichomeka kipande cha msimbo kwenye kila ukurasa, na ndani yake mlikuwa na nambari ya kipekee ya mtumiaji. Tovuti yoyote iliweza kuisoma, hata ukiwa kwenye dirisha la faragha. Kasoro hiyo ilisajiliwa kwenye orodha ya kimataifa ya kasoro za usalama kama CVE-2019-8286 na ilikuwa imeshazibwa mwezi Juni. Hakuna aliyekusudia kuuza chochote, lakini kila tovuti ilipewa njia ya kumtambua mtumiaji.

Ushauri wangu: zimeni ukaguzi huo wa miunganisho iliyosimbwa kwenye mipangilio ya ulinzi wa wavuti ya antivirusi yenu, na ondoeni kiendelezi cha antivirusi kwenye kivinjari. Chrome, Edge na Firefox zina kinga yao dhidi ya kurasa za ulaghai, na faili ikishapakuliwa antivirusi itaikagua ikigusa diski. Mnachopoteza ni kidogo.

Jambo la pili zito ni faili. Antivirusi ikikutana na faili isiyoijua, kwanza hutuma alama yake, ya aina ileile niliyoieleza kwa anwani. Alama hiyo haiwezi kurudishwa kuwa faili, kwa hiyo haisemi yaliyomo. Lakini ikishuku zaidi, inaweza kupeleka faili nzima kwa watafiti wa kampuni. Chukulieni mhasibu wa kiwanda kule Industrial Area mwenye jedwali la Excel la mishahara: majina, nambari za vitambulisho, PIN za KRA, nambari za M-Pesa. Jedwali lina makro, yaani vipande vya msimbo vinavyojiendesha ndani yake, za kukokotoa makato. Makro ni njia inayopendwa sana na wenye kueneza virusi, kwa hiyo faili hii halali ina sura ya kushukiwa. Ikipakiwa, mishahara ya wafanyakazi wote imetoka nje ya nchi, na mhasibu pengine hakuona hata ujumbe.

Halikosi kutokea. Mwaka 2017 Kaspersky wenyewe walieleza kwamba miaka mitatu nyuma programu yao ilichukua kutoka kompyuta moja ya Marekani faili iliyobanwa, na ndani yake mlikuwa na msimbo wa zana za kijasusi za serikali ya nchi hiyo. Programu ilifanya kazi yake kama ilivyoandikwa: iligundua kitu kibaya ndani ya kifurushi, ikachukua kifurushi kizima.

Kwa Windows Defender, antivirusi inayokuja na Windows yenyewe, fungua Windows Security, ingia kwenye ulinzi wa virusi na vitisho, kisha mipangilio yake. Utakuta vitufe viwili vinavyofuatana. Cha ulinzi wa wingu kiache. Kinachohusu faili kimeandikwa "Automatic sample submission". Kwa kawaida kimewekwa kutuma chenyewe faili kama za exe na dll, na kukuuliza kwanza pale faili inapoelekea kuwa na mambo ya mtu binafsi. Wenye kompyuta nyingi afisini, fungueni PowerShell, dirisha la Windows la kuandikia amri, kwa mamlaka ya msimamizi mwandike:

Set-MpPreference -SubmitSamplesConsent 0

Sufuri ni kuuliza kila mara, 1 ni ile ya kawaida, 2 ni kutotuma kamwe, 3 ni kutuma zote. Msikimbilie 2. Ukizuia kutuma kabisa, Defender haiwezi tena kuzuia papo hapo programu mpya iliyopakuliwa ambayo haijawahi kuonekana. Nyumbani mimi ningeacha 1. Kwenye mashine ya uhasibu au ya zahanati ningeweka 0, na kumfundisha anayeitumia akatae kila faili yenye taarifa za wateja.

Kuna mlango mwingine ambao sisi wenyewe huufungua. Mtu akipata ankara ya kutilia shaka kwenye barua pepe, huipakia VirusTotal, tovuti inayokagua faili kwa antivirusi nyingi kwa pamoja. Huduma ni nzuri, lakini faili ukishaiweka pale, wateja wanaolipia wanaweza kuipakua. Taarifa ya M-Pesa ya mteja wako haina biashara pale. Tafuta alama ya faili badala yake, kwa kuandika hivi kwenye PowerShell ukiwa ndani ya folda yenye faili hiyo:

certutil -hashfile ankara.pdf SHA256

Utapata herufi na tarakimu 64. Zibandike kwenye sehemu ya kutafuta ya VirusTotal, si ya kupakia. Isipopatikana, maana yake ni kwamba hakuna aliyeipakia faili hiyo hasa. Si kwamba ni salama. Baiti moja ikibadilika alama inakuwa nyingine kabisa.

Na leseni. Wengi hununua laptopu pale Luthuli Avenue au Moi Avenue ikiwa tayari na antivirusi "ya mwaka mzima". Ulizeni imewashwa kwa akaunti ya nani. Leseni ya vifaa vingi ikiwa imesajiliwa kwa barua pepe ya muuzaji, yeye huona jina la kifaa chako na hali yake kwenye akaunti yake, na kwenye vifurushi vyenye huduma ya kutafuta kifaa kilichoibwa anaweza kuona hata kilipo. Dai ufunguo ambao haujatumika, na uusajili mwenyewe kwa barua pepe yako kabla hujatoka dukani.

Kuhusu simu nitasema machache. Mwaka 2019 maabara ya AV-Comparatives ilipima antivirusi 250 za Android, na ni 80 tu zilizotambua zaidi ya asilimia 30 ya programu hatari bila kupiga kelele za uongo. Ukizipa programu za namna hiyo ruhusa ya kusoma meseji, majina ya simu na huduma za ufikivu, zile zinazoweza kusoma na kuendesha skrini yako, umetoa vingi bila kupata kinga. Acheni Play Protect, kinga ya Google iliyomo ndani ya simu za Android, ifanye kazi, na msisakinishe programu kutoka viungo vya WhatsApp.

Nimeletewa swali kwa karatasi: mtu akiondoa antivirusi, data ya zamani inaisha? Haiishi. Kuondoa programu hakugusi kilichoko kwenye seva zao. Baada ya kuiondoa, andika certlm.msc kwenye kisanduku cha kutafuta, uangalie kwenye vyeti vya mizizi (Trusted Root), yaani vile ambavyo Windows inaviamini, kama cheti cha antivirusi hiyo kimebaki. Kikiwepo kifute, na usiguse vingine. Usiifunge akaunti yako kwanza, kwa sababu utahitaji kuthibitisha kwamba ni yako. Iandikie kampuni kwa barua pepe uliyosajili nayo, utaje Vifungu vya 26 na 40 vya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, udai nakala ya data yako na kisha ifutwe. Sheria hiyo inamhusu hata aliye nje ya Kenya akichakata data ya mtu aliye hapa. Kwa kanuni za 2021 wana siku 7 za kukupa nakala na siku 14 za kushughulikia ombi la kufuta. Wakinyamaza, peleka malalamishi kwa Kamishna wa Data, kwenye tovuti ya afisi yake au kwa miguu pale Britam Tower, Upper Hill. Hulipi chochote. Ambatisha nakala ya barua yako, tarehe uliyoituma, nambari ya leseni na picha ya mipangilio ya programu kabla hujaiondoa. Hiyo picha ipige leo jioni ukifika nyumbani, kwa sababu baada ya kuiondoa hutaipata tena.