Laptopu Mpya, Seva ya Kale: Mbona Hazisikilizani?

Mafundi wenzangu, habari za asubuhi. Wa nyuma mnanisikia? Vizuri. Nitaanza na kisa, maana bila kisa mhadhara huu unalaza watu.

Kulikuwa na ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini, Dar es Salaam. Jina nalihifadhi. Seva yao ni ya Windows Server 2003, imekaa chini ya meza, pembeni yake jagi la kuchemshia maji ya chai. Hati zote za mizigo zimo humo. Siku moja wakanunua laptopu sita mpya, na hakuna hata moja iliyofungua folda ya hati. Inaandika kwamba njia ya mtandao haikuonekana, na namba 0x80070035. Fundi aliyenitangulia alibadilisha kebo, akabadilisha swichi, siku ya pili akapendekeza wanunue ruta. Bosi naye ana jibu lake: "Mmeiharibu seva yangu."

Mimi niliuliza swali moja tu: zile kompyuta za zamani za Windows 7, zinafungua? Wakasema zinafungua vizuri, tena hata sasa hivi. Basi. Kebo iko salama, seva iko hai. Kilichobaki ni lugha.

Kompyuta za Windows zinapogawana mafaili hutumia itifaki, yaani lugha ya mawasiliano, iitwayo SMB. Mteja, yaani kompyuta inayoomba faili, akifika mlangoni hubisha hodi na kutaja matoleo ya SMB anayoyajua. Seva huchagua la juu kabisa ambalo wote wawili wanalijua, ndipo mazungumzo yanaanza. Server 2003 inajua toleo la kwanza peke yake, ndiyo SMB1. La pili lilikuja na Windows Vista, la tatu na Windows 8 na Server 2012. Windows 7 ya pale ofisini ilikuwa bado inalijua la kwanza, ndiyo maana walielewana. Lakini tangu toleo la Windows 10 la Oktoba 2017, lile lenye namba 1709, Microsoft ilianza kuliondoa. Laptopu inabisha hodi kwa lugha mpya, bibi ndani haelewi hata salamu, mlango haufunguki.

Hapa niwaonye. Mwenye ofisi akikuambia "wiki iliyopita ilikuwa inafanya kazi," usimcheke. Katika Home na Pro za wakati ule, sehemu ya mteja ya SMB1 ilikuwemo bado, ila Windows ilihesabu siku: kompyuta ikiwa imewashwa jumla ya siku 15 bila kuitumia, inaifuta yenyewe, kimya kimya. Sasa chukua laptopu ya afisa aliyekwenda Mwanza kikazi mwezi mzima. Ameondoka folda inafunguka, amerudi haifunguki, na yeye anaapa hajagusa kitu. Kweli hajagusa!

Kwa nini walifunga mlango huu? Tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilienea duniani kikifunga mafaili ya watu na kudai fidia. Kilipita kwenye kasoro ya SMB1, kompyuta moja hadi nyingine, bila mtu yeyote kubonyeza kitu. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Na kiraka cha kasoro hiyo kilikuwa kimeshatoka tangu tarehe 14 Machi mwaka huo huo, miezi miwili kabla! Microsoft ikalazimika kutoa kiraka hata cha XP na Server 2003, mifumo ambayo ilikuwa imeshaacha kuihudumia. Lakini kiraka kinaziba tundu moja. Itifaki yenyewe imezeeka, haina ulinzi uliokuja baadaye.

Sasa, ukifika kwa aliyekuita unaanzia wapi? Wengi wanaanza na ping, amri ya kuuliza mashine kama ipo mtandaoni. Ping ikijibu umejua tu kwamba mashine iko hai. Jaribu poti 445, mlango ambao SMB hupitia. Fungua PowerShell, dirisha la amri la Windows, andika Test-NetConnection, anwani ya seva, na namba ya poti. Ikikataa, tazama fayawoli, mlinzi wa milango ya mtandao, kabla hujafikiria kingine. Ikikubali, ifungue seva kwa anwani ya namba badala ya jina. Inafunguka kwa namba, haifunguki kwa jina? Hapo tatizo lako ni la majina, SMB haina kosa.

Na tafadhali, msihukumu kwa lile dirisha la Network kwamba "seva haionekani." Orodha ile ya zamani ilitegemea huduma ya Computer Browser, nayo ilikuwa imejengwa juu ya SMB1. Ilipoondoka moja, nyingine ikafuata. Seva inaweza isionekane kwenye dirisha na ukiandika anwani yake ikafunguka kama kawaida.

Ukiona inadai jina na nenosiri, furahi. Maana yake lugha imekubalika, mmefika kwenye vitambulisho. Futa kwanza manenosiri ya zamani kwenye Credential Manager, pale Windows inapoyahifadhi. Mara nyingi Windows inang'ang'ania lile lililobadilishwa mwaka juzi. Kama kuna domeni, yaani seva moja inayosimamia akaunti za ofisi nzima, tazama na saa. Betri ndogo ya kwenye bodi ikifa, seva kongwe huamka ikidhani iko miaka mingi nyuma, na Kerberos, itifaki inayokagua vitambulisho vya domeni, kwa kawaida haivumilii tofauti ya zaidi ya dakika tano.

Kuna jambo jipya zaidi. Windows 11 toleo la 24H2, kuanzia Pro, inadai kila ujumbe wa SMB utiwe sahihi, na inamkataa mgeni asiye na nenosiri. Haya mawili yanakwenda pamoja: sahihi hutengenezwa kutokana na nenosiri, sasa mgeni hana nenosiri, sahihi ataitoa wapi? Visanduku vingi vya kuhifadhia mafaili madukani na mashuleni vimewekwa viingilike bila nenosiri. Dawa ni kumpa kila mtu akaunti yake. Msiende kuilegeza Windows.

Naam, kijana wa shati la bluu? "Si uwashe tu SMB1, mzee?"

Nilijua litakuja. Inawashika, na siku ile niliiwasha. Kwenye laptopu moja. Pale Windows Features mtakuta visanduku vitatu: mteja, seva, na cha kufuta kiotomatiki. Weka alama kwenye mteja peke yake. Cha seva usikiguse, usije ukaigeuza laptopu yako nayo kuwa mlango. Cha kufuta kiotomatiki kiache bila alama, la sivyo utapigiwa simu tena. Nilifanya hivyo kwa sababu kulikuwa na meli imeshatia nanga na hati zinatakiwa mchana ule. Kuiwasha kwenye zote sita na kuaga, hapana. Huo ni uvivu wenye ankara.

Nilichofanya baadaye ni kumtafuta mkalimani. Kompyuta kuukuu ya mezani, nikaitia mfumo wa Linux badala ya Windows, na kadi mbili za mtandao. Kebo moja inakwenda kwenye seva peke yake, nyingine kwenye swichi ya ofisi. Upande wa seva, Linux inaipachika folda kwa vers=1.0, yaani kwa SMB1. Upande wa ofisi, Samba, programu inayoifanya Linux iongee SMB, inaitoa folda hiyo hiyo kwa SMB3. Tangu Samba 4.11 ya mwaka 2019, SMB1 imezimwa humo tangu mwanzo, kwa hiyo huna hata haja ya kuizima. Jina la Samba, kwa wanaojiuliza, mwanzilishi wake Andrew Tridgell wa Australia alilipata kwa kupekua orodha ya maneno yenye herufi S, M na B. Angeweza kupata baya zaidi.

Mkalimani huyu anafaa kwa hati za kawaida. Programu za uhasibu ambazo watu watano huingiza hesabu kwa wakati mmoja usizipitishe hapo, kufuli za mafaili zitakuvuruga. Naye ni wa muda: wiki tatu baadaye tulihamisha kila kitu kwenye seva mpya. Bosi alikataa ile ya zamani izimwe. Iko pale pale chini ya meza, kebo ya mtandao imechomolewa, taa inawaka.

Mama wa pale nyuma, uliza. "Sisi tumeweka seva mpya, sasa mashine ya fotokopi haitumi skani kwenye folda."

Ahaa! Hapo ndipo kisa chetu kimegeuka, mzee ni fotokopi. Tazama kwanza kama mtengenezaji ana programu mpya ya mashine hiyo. Nyingine hupata SMB2 kwa njia hiyo. Kama hana, itume skani kwa barua pepe. Mashine ni ya aina gani, mama? Njoo nayo modeli yake wakati wa chai tuiangalie.