Betri Zikiisha: Mhadhara Kuhusu Kinanda, Ngomeni Lamu

Asalaam alaikum. Wale wa nyuma sogeeni bwana, siumi mtu. Najua kuna walosema mlangoni pale "huyu tena na kinanda chake", eeh, mimi tena, na ntawambia yale yale mpaka yawaingie: sauti ya ogani si vidole pekee, kuna kitu kinazunguka mle ndani. Shikeni hapo.

Ami yangu alikuwa baharia, baba za wenzangu wakirudi na vitambaa yeye analeta kaseti. Siku hiyo nimekaa dakani nanyonya embe akaniita, "ndoo usikize". Akabonyeza redio yake ya kaseti. Ilikuwa bendi ya Kiingereza Procol Harum, wimbo wao ule A Whiter Shade of Pale wa 1967, wenye ogani, na mimi mtoto wa chuoni kinanda nakijua cha arusi tu, kile mkono mmoja unavuta upepo mwingine unabonyeza. Hiki kiliingia polepole kama maji kujaa, kizito, cha huzuni, nikasahau embe ikanidondokea kanzu, na mama alinipa changu kwa ajili ya kanzu ile. Sasa mimi sijui kama betri zilikuwa zataka kufa! Wiki mbili nasikiza hivyo, zikichoka tunazianika juani juu ya dari kama papa, zinapata roho kidogo tunaendelea. Ami akanunua mpya, wimbo ukapanda juu ukaenda mbio, nikalia, nikamwambia umebadilisha kaseti. Walicheka nyumba nzima, na hadi leo kuna watu mitaa ya Langoni wananiita Betri.

Lakini sikilizeni. Laurens Hammond alikuwa mtu wa saa za umeme, ogani yake ikaanza kuuzwa 1935, makanisa yasoweza kununua kinanda cha mabomba yakakimbilia. Ile ogani yake ya aina ya B-3 ina magurudumu ya chuma 91, yanazunguka mbele ya sumaku, na mota yake inafuata mpigo wa umeme. Marekani ni 60 kwa sekunde, kwetu 50. Ukiichukua ya Marekani ukaichomeka hapa kwa transfoma tu, bila kurekebisha mota, sauti inashuka karibu nusu-sauti tatu nzima, yaani vibonyezo vitatu jirani, vyeupe na vyeusi ukivihesabu! Yaani ogani yenyewe yaweza kuimba kama kaseti ya betri mbovu. Nani alichekwa? Mimi. Nani alisikia sawa? Basi.

Na ile sauti kutetema ni spika ya Leslie, ndani pembe inazunguka. Nyote mlipokuwa watoto mliongea mbele ya feni, aaaa, ndio hiyo hiyo, msinifanyie nyuso za maprofesa.

Mtasema muziki wa Wazungu watuhusu nini. Kwani kinanda cha taarab kilichongwa Pate? Kilitoka Ulaya kikapita India kikatufikia, na hakuna alokiuliza pasipoti. Halafu mnasema nyimbo ndefu, Close to the Edge ya bendi ya Yes, 1972, dakika kama 18, upande mzima wa sahani ya santuri. Nyie mnakaa mpaka alfajiri kwenye arusi mtu anarudia ubeti mmoja mara tano mkimtunza, leo dakika 18 zimewashinda?

Nilitaka kusema juu ya Keith Emerson, mpiga ogani alokuwa akichomeka visu kwenye vibonyezo ili sauti isikatike, na Mellotron, kinanda cha kanda za sauti, ambacho kila kibonyezo kina utepe wake wa sekunde kama nane kisha kimya, na Matthew Fisher, yule yule mpiga ogani wa kaseti ya ami, alongoja mpaka 2009 ndio mahakama ya juu Uingereza ikathibitisha ana asilimia 40 ya muziki wa wimbo ule. Lakini mwenyekiti ashaangalia saa mara tatu, namuona.

Redio ndio hii, na betri nimezichagua kwa makusudi, zina mwezi mzima. Nani yuko karibu na swichi ya feni? Izime.